Wazazi wasiuze mazao kununua mashine kabla kijana hajaanza kuchora

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonisumbua moyoni kwa muda sasa. Mimi ni mchoraji ninayejipatia riziki kwa kuchora kwa kompyuta hapa Uyole, jijini Mbeya, na sikupita chuo chochote cha sanaa. Nawaandikia hasa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini na watoto wao wanaotamani kazi hii, kwa sababu naona fedha za jasho zikitolewa kwa kitu ambacho hakikupaswa kuwa cha kwanza.

Mwezi uliopita alinijia mzee mmoja kutoka Umalila, akiwa na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Tulipokwisha kusalimiana na kunywa chai, mzee alitoa bahasha ya kaki kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaifungua taratibu na kuweka mezani shilingi milioni moja na laki nane. Zilikuwa fedha za viazi vya msimu mzima. "Mwanangu," aliniambia, "huyu mdogo wako anasema bila ile mashine ambayo unachora juu ya kioo chake hawezi kuanza. Wewe ndiye mwenyeji wa mambo haya. Twende ukatuchagulie, tusije tukauziwa mbovu." Nikamgeukia binti nikamwomba anionyeshe michoro yake, hata kama iko kwenye daftari la shule. Akainamisha macho, akajibu kwa sauti ndogo, "Dada, bado sijaanza. Nilikuwa nasubiri mashine."

Nilimwomba baba yake arudishe bahasha mfukoni.

Mzee huyo si wa kwanza. Katika miaka hii miwili wamenijia wazazi kutoka Rungwe, Mbozi na hata Makambako, kila mmoja na fedha zake au na ahadi ya kuuza ng'ombe, na karibu wote wana imani moja, kwamba mashine ndiyo inayochora na kijana anayenunuliwa iliyo bora atakuwa ameshafika nusu ya safari. Nasema kwa uhakika wa mtu aliyekula kwa kazi hii kwa zaidi ya miaka kumi kwamba mashine haichori. Kalamu ya kompyuta hupeleka kwenye skrini kile ambacho mkono umefanya. Programu nzuri inaweza kuutuliza mstari unaotetemeka, lakini hakuna programu itakayomwambia kijana bega linaishia wapi na mkono unaanzia wapi kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hilo hujulikana kwa kutazama, na kutazama hakuuzwi dukani.

Nilizaliwa Tukuyu, katika nyumba iliyopakana na shamba la chai. Nilianza kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la nje, jambo ambalo bibi yangu alilivumilia kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa umeshapakwa moshi. Mwaka 2012 nilikuja mjini kufanya kazi ya kuchapa barua na kutoa nakala katika steshenari moja pale Mwanjelwa. Jioni wateja walipopungua, mwenye duka aliniruhusu kutumia kompyuta, nami kwa karibu miaka miwili nilichora kwa kipanya tu. Atakayejaribu kuchora ua kwa kipanya atagundua kwamba ni sawa na kuandika jina lako kwa kipande cha sabuni. Lakini ndiyo niliyokuwa nayo, na kadi za harusi nilizochora kwa kipanya kile zilinunuliwa.

Masomo niliyapata kwenye video za mtandaoni, nikitumia bando la usiku kwa kuwa lilikuwa nafuu. Walimu wengi walizungumza Kiingereza cha haraka ambacho sikukimudu, kwa hiyo nilinunua kaunta buku na kila neno jipya nililokutana nalo kwenye menyu ya programu nikaliandika pamoja na kazi yake kwa Kiswahili, kwa maneno yangu mwenyewe, na mchoro mdogo pembeni. Kaunta buku hilo bado ninalo, na kijana yeyote anayekuja kujifunza humwonyesha kabla sijamwonyesha kompyuta.

Sasa niseme vifaa ninavyotumia, maana ndilo swali ninaloulizwa kila siku. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, mwaka 2017, kwa shilingi 420,000. Ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, ya GB 4, nayo ikawa inaganda kila mchoro unapokuwa mkubwa, mpaka fundi aliponiongezea ikafika GB 8. Hayo ndiyo maboresho pekee niliyowahi kuifanyia ambayo naweza kusema yalibadilisha kazi yangu. Mwaka uliofuata nikanunua kibao cha kuchorea, kile kidogo kisicho na skrini, kinacholingana na daftari la shule, kwa shilingi 150,000. Kalamu yake haina betri wala haichajiwi, kwa sababu hupata nguvu kutoka kwenye kibao chenyewe. Unachora juu ya kibao mezani huku macho yako yako kwenye skrini, na wiki tatu za kwanza utadhani umepewa mkono wa mtu mwingine. Baada ya hapo mkono unazoea na hauulizi tena.

Kuna mambo mawili kuhusu kibao hicho ambayo sikuambiwa na yeyote, nami nayaandika hapa ili mwingine asipoteze muda. La kwanza ni kwamba umbo la eneo la kibao lazima lilingane na umbo la skrini. Ikiwa skrini ni pana na kibao ni cha karibu mraba, duara unalochora kwa mkono litatokea kama yai, nawe utadhani huna kipaji, kumbe ni mpangilio mmoja tu ndani ya kompyuta unaorekebishwa kwa dakika moja. Mimi niliteseka na mayai hayo kwa miezi mitano. La pili ni utelezi. Kibao kipya ni laini mno, kalamu inateleza kama mguu kwenye tope la Machi, na mstari unakosa uthabiti. Dawa yake ni kubandika juu yake karatasi nyeupe ya kawaida ya kuchapia. Ncha ya kalamu italika haraka kidogo, lakini ncha za akiba huja ndani ya boksi na nyingine huuzwa kwa bei ndogo, na mkono utarudi kuhisi kile ulichokihisi ulipokuwa ukitumia penseli.

Wauzaji hupenda kumtajia mnunuzi tarakimu. Watamwambia kalamu hii ina ngazi 8,192 za kuhisi mkandamizo wa mkono na ile ina 2,048 tu. Nimezitumia zote mbili. Katika kazi zangu zote za lebo, vitabu vya watoto na mabango sijapata kuona mahali ambapo tofauti hiyo ilionekana kwenye karatasi.

Kuhusu programu, ninachorea Krita. Jina hilo ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuitumia hata kwa biashara na kuigawa kwa wenzake bila kulipa wala kuvunja sheria. Lebo na nembo nazichorea Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ambayo hutunza mstari kwa hesabu na si kwa vitone, ndiyo maana nembo moja inaweza kuchapwa kwenye kifuniko cha chupa na kwenye bango la barabara ya Tunduma ikabaki na ukali uleule. Picha za kamera nazisafishia GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani. Zote tatu ni za bure, na sijalipia programu hata moja tangu nianze. Kijana mwenye simu tu anaweza kuanza na ibisPaint ya Wajapani, ambayo ina toleo la bure lenye matangazo, akachora kwa kidole mpaka siku atakapopata zaidi.

Nalisisitiza hili la leseni kwa sababu nimeumia. Mwaka 2015 fundi mmoja aliniwekea programu ghali ya kulipia iliyovunjwa kufuli, akiniambia kwamba kila mtu mjini hufanya hivyo. Pamoja nayo viliingia virusi vilivyoficha mafaili yangu yote na kuacha njia za mkato zisizofunguka. Michoro ya mwaka mzima ikaenda. Mpaka leo naona vijana wakiwekewa vitu hivyohivyo kwa shilingi elfu tano au elfu kumi, wakati iliyo halali na inayotosha kabisa inapatikana bure. Hakuna anayewaambia, labda kwa sababu hakuna anayepata faida kwa kuwaambia.

Wapo watakaosema kwamba nawanyima vijana vifaa bora kwa sababu mimi nilikosa. Sivyo hata kidogo. Mchoraji aliyekomaa akipata kibao chenye skrini atafanya kazi haraka zaidi na shingo itamshukuru. Ninachopinga ni kusubiri. Kule Japani kuna mzee aitwaye Tatsuo Horiuchi ambaye alipokaribia kustaafu alitaka kuchora kwa kompyuta, akaona programu za kuchorea ni ghali, akaamua kutumia Excel, ile programu ya majedwali na hesabu ambayo makarani wetu huandalia mishahara. Kwa vijimistari na maumbo ya Excel alijenga milima, miti yenye maua na maporomoko ya maji, akayaweka moja juu ya jingine mpaka mtazamaji akadhani anaangalia picha ya brashi, na mwaka 2006 alishinda shindano la sanaa ya namna hiyo. Na hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi za kung'aa za aina ya zile zinazopakwa baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa vya bei nafuu. Hakufundishwa na mtu. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo alikuwa na miaka minne tu ya kazi, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji. Yule hakusubiri turubai.

Nije kwenye mazoea ya kazi, ambayo naamini ndiyo yanayotenganisha anayeishi kwa uchoraji na anayeuzungumzia tu. Kila asubuhi kabla sijawasha kompyuta nachora kwa penseli kwa nusu saa. Mwezi wa Juni na Julai, wakati baridi ya Uyole inapofanya vidole vigome, hushika kikombe cha chai kwanza kwa mikono miwili mpaka vilainike, kisha naanza. Sichori vitu vya kubuni katika nusu saa hiyo. Nachora kilicho mbele yangu, kwa mfano kiatu, sufuria yenye mpini uliolegea au kanga iliyotundikwa kwenye msumari. Kwa mwezi mzima mwaka jana nilichora mikono ya wachuma chai tu. Mtu aliyekulia Tukuyu anadhani anaujua mkono huo, lakini nilipokaa kuutazama niligundua kwamba nilikuwa nimeuchora vibaya maisha yangu yote. Mchumaji niliyemtazama habani jani kwa kidole gumba na cha shahada kama mtu anayeokota sindano. Kiganja hugeukia juu, chipukizi na majani yake mawili huingia kati ya vidole, kisha kifundo huzunguka kidogo tu na jani limeshakatika, na majani yaliyokwisha kuchumwa hubaki yamejazana kiganjani mpaka yatupwe kikapuni. Mzunguko huo mdogo wa kifundo ndio unaofanya mchoro uonekane hai. Hakuna mashine iliyonionyesha. Alinionyesha shangazi yangu shambani, akishangaa kwa nini namwomba arudie mara ishirini.

Vivyo hivyo kwa kikapu cha Iringa. Kikundi kimoja cha akina mama wasuka vikapu kiliniomba nichore nembo, nami nikachora kikapu kwa kutazama picha ya simu. Wakakikataa. Nikachora tena na tena, na mara ya sita mama mmoja mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hiki ulichochora kingefumuka siku ya kwanza sokoni." Nikanunua kikapu kimoja, nikakaa nacho kibarazani na kufumua mizunguko miwili ya milulu, polepole, nikiangalia jinsi nyuzi mbili zinavyopishana mbele na nyuma ya kila uti uliosimama na kukumbatiana kabla ya kufika kwa uti unaofuata. Kisha nikajaribu kuirudisha, na kwa kuirudisha vibaya ndipo nikaelewa. Mchoro wa saba nilimaliza kwa saa moja, nao ndio ulio kwenye lebo zao hadi leo.

Ninapohamia kwenye kompyuta, hutenganisha kazi katika tabaka, au leya kama wanavyosema wengi. Rasimu hukaa kwenye leya yake, mistari safi kwenye leya ya juu yake, rangi chini ya mistari, vivuli peke yake. Hivyo mteja akisema gauni liwe la kijani, nabadilisha gauni bila kugusa uso. Kabla ya kuweka rangi nzuri nzuri, hugeuza mchoro mzima kuwa mweusi na mweupe ili nione kama mwanga na kivuli vinatosha kuubeba, maana rangi zina tabia ya kuficha mchoro dhaifu. Pia naugeuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo. Katika Krita ni kubonyeza herufi M tu. Jicho lililozoea kosa hushtuka linapoliona upande wa pili, na pua iliyopinda ambayo hukuiona kwa saa tatu utaiona kwa sekunde moja. Baada ya hapo naondoka mezani. Natoka nje, naangalia Mlima Loleza kama mawingu yameruhusu, narudi na macho mapya. Nimegundua kwamba makosa mengi hufanyika katika saa ile ya tano ya kukaa bila kuinuka, wakati mtu anadhani amebakiza kidogo.

Kuhifadhi kazi nitalisema kwa ufupi, ingawa lilinigharimu sana. Laptopu yenye betri iliyokufa ikiwa kwenye umeme ni sawa na maji kwenye kiganja. Nilipoteza ukurasa wa kitabu cha watoto niliokuwa nimeuchora kwa saa tisa bila kuuhifadhi hata mara moja, umeme ulipokatika saa mbili usiku. Sasa nahifadhi kila ninapoinua kalamu, kila siku natoa faili jipya lenye namba yake badala ya kufuta la jana, na kila Ijumaa nanakili kazi zote kwenye diski ya nje na kwenye flashi inayolala kwa dada yangu, Soweto ya hapa Mbeya, ili hata nyumba ikiibiwa kazi ibaki.

Jambo linalowapata vijana wengi wanapopata mteja wa kwanza ni uchapaji, nami lilinipata vilevile. Nilichora lebo ya asali kwa ukubwa uliotosha skrini ya simu, upana wa pikseli 600, yaani vitone vinavyounda picha, ikaonekana safi kabisa. Ilipochapwa, nyuki wakawa madoa na maandishi yakawa na ukungu. Tena anga niliyoipaka bluu kali ikatoka ya kijivu kilichochoka. Lebo 500 zikatupwa, nami nikalipa gharama kwa sababu kosa lilikuwa langu. Skrini hutoa rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, lakini mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne, na zipo bluu na kijani za kwenye mwanga ambazo wino hauwezi kuzifikia. Kwa uchapaji, ukurasa wa A4 unapaswa kuwa na pikseli 2,480 kwa 3,508, ambazo ni nukta 300 kwa kila inchi, na ukubwa huo uwekwe kabla ya kuanza kuchora, kwa sababu mchoro mdogo ukivutwa baadaye hauongezeki undani. Halafu kijana aombe nakala moja ya majaribio kwenye duka la uchapaji kabla ya kuruhusu mia tano.

Naomba nizungumzie pia wizi, Mhariri, kwa kuwa wizi unawakatisha tamaa vijana kuliko ukosefu wa vifaa. Niliwahi kuona mchoro wangu wa maua ya Kitulo kwenye kalenda iliyokuwa ikiuzwa stendi, na sahihi yangu ilikuwa imefutwa kwa kupakwa rangi ya majani juu yake. Aliyechapisha alidai kwamba aliuokota mtandaoni na kwamba cha mtandaoni ni cha wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi hivyo. Kazi ya mchoraji inalindwa tangu inapoumbwa, ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo iliyopewa jukumu la kusajili kazi na kusimamia haki hizo. Kilichonisaidia mimi ni faili asili lenye leya zote pamoja na rasimu za penseli zenye tarehe. Nilipoyaweka mezani, mwenye kalenda hakuwa na la kuonyesha ila picha moja bapa, na tukaelewana malipo bila kufika mbali zaidi. Tangu hapo sitoi faili lenye leya kwa mtu yeyote pasipo makubaliano ya maandishi, na mtandaoni naweka picha ndogo tu, ambayo ikichapwa itaaibika yenyewe.

Ombi langu ni kwa wale wenye mamlaka juu ya maktaba za umma na shule za sekondari katika mikoa yetu. Mahali penye kompyuta zinazofanya kazi, ziwekewe Krita, Inkscape na GIMP. Haihitaji bajeti, haihitaji zabuni, inahitaji mtu mmoja mwenye flashi na siku moja ya kazi. Kibao kimoja kidogo cha kuchorea, ambacho bei yake haifiki magunia mengi ya viazi, kinaweza kutumiwa kwa zamu na vijana kumi, na kila mmoja akajua kama kazi hii ni yake au si yake kabla mzazi wake hajauza chochote. Aidha, maofisa wa halmashauri wanaopitia maombi ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya vijana, wanapopokea andiko la kikundi kinachotaka kununua vifaa vya uchoraji waombe kuona michoro. Michoro mia moja ya penseli inatoa ushahidi ambao ankara ya duka haiwezi kutoa.

Walimu wa shule za msingi nao nawaomba wasimpokonye daftari mtoto anayechora nyuma yake. Nilichapwa kwa kosa hilo darasa la tano, na mwalimu mwingine shuleni hapohapo akanipa penseli yake mwenyewe na kuniambia nichore mti wa mparachichi uliokuwa nje ya ofisi. Nadhani bila wa pili nisingeandika barua hii.

Yule binti wa Umalila nilimpa masharti. Nilimwambia achore kila siku kitu kimoja kilichopo nyumbani kwao, kwa penseli ya kawaida na daftari la kurasa 96, na aje Jumamosi ya pili. Baba yake alinunua penseli mbili na kichongeo pale pale dukani kwa jirani, akashika njia na bahasha yake. Sikujua kama wangerudi. Walirudi. Daftari lilikuwa limejaa mpaka jalada la nyuma, na kurasa nyingi zilikuwa dhaifu kama inavyotakiwa kuwa kwa anayeanza. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho mwisho alikuwa amechora gunia la lumbesa likisubiri gari kando ya barabara, na juu ya gunia, pale ambapo viazi vimejazwa kupita kiasi na kuzuiwa kwa kamba, alikuwa ameifuata kila kamba inakopita, inapozama kati ya viazi na inapotokeza tena, mpaka kwenye fundo. Nilimuuliza ilimchukua muda gani. Akasema, "Siku mbili, dada. Siku ya kwanza gari liliondoka nalo, nikasubiri lingine."

Jumamosi hii nitamkalisha mbele ya kibao changu kwa mara ya kwanza.

Wako mtiifu,
Mchoraji,
Uyole, Mbeya